Shangazi Mawingu na Kulabu ya Mtu Mmoja

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchora, kuchonga na kuota ndoto akiwa macho, Shangazi Mawingu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Siku ya pili yake, meza iliyo chini ya dirisha kubwa la karakana yetu itakuwa haina mtu, na mimi mpiga tupa, mlainisha vyuma wa meza ya jirani, nitakosa wa kumtania. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya kijarida hiki. Nimeambiwa pia niwe mfupi, ila hilo sikuahidi.

Kwa wageni waliokuja kumuaga na hawajui tunafanya nini humu ndani, naeleza kidogo. Sisi hatutengenezi magari ya farasi, wala hatushoni mikanda. Tunatengeneza vile vyuma vidogo vinavyounganisha mnyama, ngozi na mbao: bizimu za mikanda, pete za kupitishia hatamu, kulabu za kumfungia farasi kwenye gari. Watu huviona kila siku na hawavitazami, mpaka siku kimoja kivunjike katikati ya barabara. Shangazi ndiye aliyekuwa akivichora, kisha akivichonga kwa mbao laini ili watu wa tanuri wapate umbo la kukandamiza kwenye mchanga na kumiminia chuma. Ukikuta farasi mjini amevaa kitu kinachong'aa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilianzia kwenye vidole vyake.

Jina hilo hakuzaliwa nalo. Alipoanza kazi alikuja mjini na binti wa kaka yake mkubwa, aliyekuwa akijifunza kushona ngozi kwa jirani zetu, na kila adhuhuri binti huyo alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya juu, "Shangazi! Shangazi, chakula kinapoa!" Tukazoea. Binti akaolewa, akahamia kwa mumewe, jina likabaki kwetu. Leo hata msimamizi, aliyemzidi umri, humwita Shangazi bila kuona haya.

Mawingu tulimwongezea wenyewe. Mchana jua huingia kwa mshazari kupitia lile dirisha, na vumbi la shaba kutoka kwenye tupa yangu likichanganyika na unga wa mbao kutoka kwenye patasi yake, hewa yote ya upande ule hugeuka rangi ya asali. Yeye hukaa katikati yake, patasi imeinuliwa, macho yako nje juu ya mapaa, na hapepesi. Ukimpita utadhani ameshikwa na usingizi ameketi. Miaka ile ya mwanzo msimamizi alimpitishia mkono mbele ya macho kuona kama yupo. Shangazi hakugeuka. Akasema taratibu, "Niache kidogo, bwana. Ndiyo kwanza nimefika." Alikuwa amefika wapi hatukujua, na hatukuuliza. Baada ya muda patasi ikashuka, akachonga mpaka jioni bila kuinua kichwa.

Matunda ya safari zake hizo tunayo. Ya kwanza ilikuwa bizimu yenye kigurudumu. Bizimu za zamani zilikuwa na ukingo mkavu wa chuma. Kila asubuhi mwendesha gari akikaza mkanda, ule ukingo ulikuwa unaitafuna ngozi. Shangazi akavalisha ukingo huo mrija mwembamba unaozunguka, na mkanda ukawa unateleza kama umepakwa mafuta. Mikanda ikaanza kudumu. Waendesha magari wakafurahi, washona ngozi wakanuna, na mmoja wao hakutusalimia kwa muda mrefu. Halafu ikaja pete ya hatamu yenye kiungo, inayolala inapoguswa na tawi na kusimama tena yenyewe. Hiyo aliichora kwa chai iliyomwagika juu ya meza ya kulia chakula, na ole wake mtu aliyetaka kupangusa. Tulikula tukiwa tumejibana upande mmoja hadi alipopata karatasi.

Alikuwa na desturi yake moja ambayo wageni waliona ni kichekesho. Hakuna chuma chake kilichomfikia farasi kabla hajakivaa yeye. Akijifunga mikanda mabegani na kifuani, anauvuta mkokoteni wa mchanga kuzunguka ua, huku akisikiliza wapi panambana na wapi panamchuna. Siku moja msimamizi alileta wageni wenye heshima zao, wamevaa viatu vya kung'aa, akawafungulia mlango wa uani kwa mbwembwe zote. Wakamkuta mchora vyuma mkuu wa karakana amefungwa kwenye mkokoteni, jasho linamtoka, na mhunzi wetu ameshika hatamu nyuma yake. Msimamizi alitamani ardhi impasukie. Shangazi hakutikisika. "Karibuni sana," akawaambia. "Samahani siwapi mkono, nimefungwa." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliondoka wakiwa marafiki wetu.

Sasa nifike kwenye kazi iliyomchukua nusu ya utumishi wake, na ambayo bila hiyo nisingekuwa na la kuandika zaidi ya bizimu.

Mume wake, tunayemwita Mzee Barafu, huendesha gari la kiwanda cha barafu. Ni mtu wa maneno machache. Anachopenda ni kuondoka alfajiri na farasi wake jike aitwaye Maringo, mabonge ya barafu yamefunikwa kwa magunia nyuma yake, mvuke mweupe ukishuka pembeni ya magurudumu, na mji bado haujaanza kupiga kelele. Ukilikuta gari lile kwenye kona kabla jua halijakaza, utadhani kuna mtu amefunga kipande cha ukungu na anakipeleka mahali. Shangazi aliniambia kwamba alimpenda kwa sababu hiyo. Alimwona akipita hivyo, hakujua hata jina lake, na siku ile nzima hakuchonga kitu.

Miaka mingi iliyopita, kwenye ule mwinuko wa mawe wa kuelekea sokoni, mahali ambapo maji ya barafu hudondoka kila siku na mawe hayakauki, Maringo aliteleza akaanguka. Hapa inabidi nieleze jambo. Farasi akianguka akiwa amefungwa, kuna kazi mbili zinazotakiwa kufanywa kwa pamoja. Mtu apige magoti shingoni pake, amshike kichwa chini na kumbembeleza, kwa kuwa farasi akishikwa kichwa hutulia, na akiachiwa hurusha miguu ovyo. Na mtu amfungue kutoka kwenye gari ili apate kuinuka. Mzee Barafu alikuwa peke yake. Alimshika kichwa mpaka akatulia, kisha akamwachia akakimbilia kulabu, ambazo ziko mbili, moja kila upande wa gari. Kulabu za enzi hizo zilikuwa ndoano tupu. Uzito wa gari ukishazivuta, hata mwenye misuli hazimwachii. Alikuwa bado anahangaika nazo Maringo aliporusha miguu, mti mmoja wa gari, ile mirefu ya ubavuni mwa farasi, ukageuka, ukamvunja Mzee Barafu mguu.

Maringo alipona. Mzee Barafu naye alipona, isipokuwa mguu ule hukokota kidogo siku za baridi. Lakini Shangazi hakuwa yule yule. Siku mumewe alipotaka kurudi kazini, alisimama kati yake na mlango akamwambia, "Hutoki na yule farasi peke yako mpaka nikutengenezee kulabu. Mtu mmoja, mkono mmoja, gari lote likivuta. Mpaka hapo, utafuatana na mtu." Mzee Barafu akajibu, "Sawa." Nafikiri alidhani ni suala la wiki mbili tatu.

Mtu wa kufuatana naye alipatikana haraka mno. Ni mdogo wake Shangazi, kitinda mimba wao, kijana mchangamfu na mwenye moyo safi, ambaye mji mzima unamwita Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini. Redio alianza kuongea gari likitoka kiwandani, na barafu iliyeyuka, wateja wakaisha, yeye akawa bado yuko kwenye utangulizi. Alimweleza shemeji yake bei ya vitunguu, ugomvi wa majirani, ndoto alizoota na alizokusudia kuota. Hata Maringo alijifunza kulaza masikio. Baadhi ya siku Mzee Barafu alipitia kwetu akimaliza kazi, akaketi juu ya sanduku la mchanga karibu na meza yangu, akafumba macho. Nikamwomba radhi kwa kelele ya tupa. Akasema, "Endelea tu. Hii inapumzika katikati."

Nani angemlaumu? Alifuatana na shemeji yake kwa heshima, na hakuna siku aliyomkaripia. Ila alichokipenda maishani, ile alfajiri ya kimya yeye na Maringo, kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa kwenye meza ya mkewe.

Uani tuna farasi wa mbao. Seremala alimtengeneza kwa pipa na magogo, na ukichomoa kabari moja huanguka ubavu kwa kishindo. Tulimfunga kwenye gari bovu lililojaa mifuko ya mchanga, tukaliegemeza kwenye mteremko ili livute kwelikweli, na hapo ndipo kila kulabu mpya ilipojaribiwa. Mzee Barafu na Redio walikuja kila tulipowaita. Farasi wa mbao anaanguka, Redio anarukia shingo na kuishika, huku akitupa habari za mjini. Mzee Barafu anakwenda nyuma kwenye kulabu na kujaribu kuifungua kwa mkono mmoja.

Ya kwanza ilikwama. Ya pili ilikwama. Nyingine ilifunguka vizuri sana, tatizo likawa inafunguka hata pasipo kuguswa. Gari likiruka kwenye shimo, farasi anaendelea na safari na gari linabaki. Redio aliipenda hiyo. Mimi nilizipiga tupa zote, na vyuma vilivyokataliwa vilijaza ndoo chini ya meza yangu. Shangazi alirudi dirishani, akaenda zake mawinguni, akarejea na nyingine. Mwishowe akaja na ulimi wa chuma unaojikunja kwenye bawaba, umefungwa na pete ndogo. Pete ikiwa mahali pake, ulimi haupati pa kwenda. Pete ikivutwa nyuma kidogo, uzito wenyewe wa gari unausukuma ulimi na kulabu inaachia. Tulipoijaribu, Mzee Barafu alivuta pete ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili, kwa kidole kimoja. Gari likateleza, ua mzima ukapiga kelele za furaha, na watu wa tanuri wakambeba Shangazi juu juu ingawa alikuwa akiwasihi wamshushe.

Ilikuwa ni wakati mwafaka, kwa sababu Redio alikuwa amepata mchumba. Msichana alikuwa wa mji mwingine, na wakishaoana wangeishi huko huko, karibu na wazazi wake. Kiwandani wakasema wazi: Mzee Barafu akibaki bila mwenzake na bila kulabu ya kuaminika, watampa gari mtu mwingine, na yeye ataingia chumba cha barafu kupasua mabonge hadi astaafu. Maringo angepata bwana mpya. Hakuna aliyeshtuka, maana kulabu ilikuwa tayari. Lilibaki jaribio moja la kukamilisha utaratibu, na siku hiyo Redio hakuwepo, alikuwa amekwenda kujitambulisha kwa wakwe.

Seremala akachomoa kabari. Farasi wa mbao akaanguka. Mzee Barafu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akapiga magoti shingoni, akakishika kile kichwa cha mbao. Kisha akainua macho akatazama nyuma, kule kulabu iliko. Akanyoosha mkono. Mkono ukafika tumboni mwa farasi, ukaishia hewani. Akajinyoosha zaidi, akiwa bado ameshika kichwa kwa mkono wa pili, na tukamwangalia kama watu wanaomwangalia mtu akitafuta kitu gizani. Mhunzi akasema polepole, "Jamani. Hivi Redio yuko wapi?"

Hapo ndipo tulipoelewa wote kwa pamoja. Miaka yote ile tulikuwa tukitengeneza kulabu ya mtu mmoja na kuijaribu kwa watu wawili. Redio aliketi pale shingoni mbele ya macho yetu, akipiga soga, na tulizoea sauti yake hivi kwamba hatukumhesabu. Ningecheka hadi leo kama nisingeuona uso wa Shangazi. Alimwendea mumewe, akamsaidia kuinuka, akampangusa vumbi magotini. "Nimekuchelewesha bure," akamwambia. Mzee Barafu akatikisa kichwa kukataa, lakini siku hiyo hakuketi kwenye sanduku la mchanga. Alikwenda moja kwa moja nyumbani.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Tarehe ya kustaafu ilikwisha kubandikwa ukutani, na harusi ya Redio ilikwisha kupangwa. Shangazi aliketi dirishani bila kushika patasi. Nilimtania mara moja, kwamba safari hii ameenda wingu la mbali mno, naye akatabasamu kwa adabu tu. Nikarudi kwenye tupa yangu.

Kisha siku moja, wakati wa chakula, msimamizi alitoka kwenda uani, akarudi anakimbia, anaita maji. Tukatoka mbio. Yule farasi wa mbao alikuwa amesogezwa kando, na mahali pake, kati ya ile miti miwili mirefu ya gari, alikuwa amelala Shangazi juu ya unga wa mbao. Alikuwa amevaa shingoni kola ya farasi, lile duara nene la ngozi, na mikanda yote imemzunguka. Mhunzi alikuwa amekwisha kuinua ndoo alipouona mkono mmoja ukipunga. "Msinimwagie maji," akasema. "Natafuta njia."

Akalala ubavu wa kulia. Akageuka, akalala ubavu wa kushoto. Akatazama juu, mawingu mepesi yakipita polepole juu ya ukuta wa ua, na kivuli cha mawingu hayo kikimpitia usoni na kuondoka. Tukarudi kula. Tulipomaliza, alikuwa amesinzia pale pale. Hakuna aliyemwamsha. Mhunzi aliitazama nyundo yake, akaiweka chini. Mimi nikachukua kitambaa nikaanza kung'arisha vitu vilivyokwisha kung'aa. Karakana nzima ilifanya kazi kwa kunong'ona mchana ule, na kwa mlango uliokuwa wazi tulisikia pumzi yake. Nimekaa humu muda mrefu, na sijaona mchana mzuri kama ule.

Alipoamka alikuja mezani kwangu, unga wa mbao umemganda shavuni, akaomba kamba. Akaifunga kwenye pete ya kulabu, akaipitisha juu ya uti wa mgongo wa farasi wa mbao, akaileta hadi kwenye kola, pale ambapo goti la mtu anayeshika kichwa hugusa. "Nilikuwa nataka kuipitisha ubavuni," akanieleza, sauti bado ina usingizi. "Lakini nikilala huku inabanwa, nikilala kule inabanwa. Mgongo peke yake ndio haubanwi." Akaivuta. Kulabu ikaachia. Akafunga kamba ya pili kutoka kulabu ya upande wa pili, akaziunganisha, akavuta mara moja. Zikaachia zote mbili.

Kamba ikageuka mkanda wa ngozi, na mwisho wa mkanda tukaweka kifundo cha shaba ambacho mkono unakipata bila kutazama. Kifundo hicho nilikipiga tupa mwenyewe, na naomba nisifiwe kidogo kwa hilo.

Karakana hii ina sheria ya tangu zamani ambayo haikuandikwa popote: aliyechora ndiye hupanda wa kwanza. Chuma kipya kikitoka, mchoraji hukaa kwenye gari linalokitumia, ili kikikosea kimkosee yeye. Shangazi alikuwa ameitii kwa kila bizimu na kila pete, ila tangu ile ajali hakuwa amepanda gari la barafu. Redio alitaka kufuatana nao, akakatazwa, akanuna. Mhunzi akauliza kwa nia njema, sasa Shangazi akiwemo si watakuwa wawili tena? Shangazi akapanda, akaketi nyuma katikati ya magunia. "Mimi leo ni barafu," akasema. "Msinihesabu."

Wakaondoka. Sisi tukafuata kwa mbali: msimamizi, mhunzi na mimi, kila mmoja akijifanya ana shughuli upande ule. Bado ninaliona gari lile likipanda mtaa, kwato za Maringo zikigonga mawe kwa utulivu, mvuke unamzunguka Shangazi mpaka mabegani, na yeye ameketi ndani yake kama mtu aliyefika kwao.

Kwenye mwinuko wa sokoni, Maringo aliteleza. Hatukuwa tumepanga hivyo, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angepanga. Mguu mmoja wa nyuma ulikwenda, kisha wa pili, akaenda chini kwa sauti ambayo sipendi kuikumbuka. Mzee Barafu aliruka, akapiga magoti, akamshika kichwa. Tulimsikia akiongea na Maringo, maneno mengi ya upole kuliko tuliyowahi kumsikia akimwambia mtu. Mhunzi alitaka kukimbia, nikamshika shati. Gari lilikuwa linavuta kurudi chini, mikanda imekazika, na Maringo alianza kutetemeka miguu.

Nikamtazama Shangazi. Kulabu zilikuwa hatua moja tu mbele yake, angeweza kuinama akazifungua. Alikuwa amekalia mikono yake. Ameikalia yote miwili, amefumba mdomo, machozi yanamtoka, na hasogei.

Mkono wa Mzee Barafu ulirudi nyuma taratibu bila yeye kugeuka, ukapapasa kwenye kola, ukakipata kifundo, ukavuta. Tukasikia milio miwili, karibu sana kiasi kwamba ilikuwa kama mmoja. Gari likarudi nyuma kidogo, likakalia lile gogo linaloburuzwa nyuma ya gurudumu kwenye miinuko, likatulia. Mzee Barafu akaachia kichwa. Maringo akainuka, akajitikisa, akapiga chafya. Bonge moja la barafu lilianguka barabarani likapasuka, na hiyo ndiyo hasara yote.

Mzee Barafu alikwenda kumshusha mkewe, lakini vidole vya Shangazi vilikuwa vimekakamaa, na viganjani palikuwa na mistari ya mbao ya gari. Akaishika ile mikono, akaisugua kati ya mikono yake. "Mbona baridi hivi?" akamwuliza. "Kumbe kweli wewe barafu." Mhunzi aligeuka kando akadai ameingiwa na vumbi.

Tangu siku hiyo wamekuja waendesha magari ya mkate, ya matofali na ya kuni, wote wakitaka hiyo hiyo. Msimamizi alipendekeza ipewe jina la aliyeichora. Shangazi akakataa katakata, akasema iitwe kulabu ya mtu mmoja, kwa kuwa ndivyo alivyoahidi. Tunazimimina kila wiki sasa, na vijana wa tanuri wamezizoea.

Redio ameoa, amehamia kwa wakwe zake, na tunasikia mji ule umechangamka. Jumatatu iliyopita ilikuwa siku ya kwanza ya Mzee Barafu kutoka peke yake. Siku hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Shangazi alichelewa kazini. Tulianza kutazamana. Msimamizi alikuwa amekwisha kuvaa koti aende kuulizia nyumbani kwake alipotokea mlangoni, blauzi ameivaa ndani nje, macho yamemtoka.

Aliketi kwenye kiti changu. Akatueleza kwamba tangu ajali, hata Redio akiwepo, aliamka kila alfajiri mumewe akiamka, akasimama mlangoni, akasikiliza magurudumu mpaka yakapotea, na baada ya hapo moyo wake ulitembea na lile gari hadi lirudi. Hatukulijua hilo. Sisi tuliona tu mawingu. Akasema, "Leo sikuyasikia magurudumu. Nimefungua macho jua liko kitandani, yeye ameshaondoka zamani. Nimelala, jamani. Nimelala!" Akalia, kisha akacheka akiwa bado analia, na msimamizi akavua koti lake akarudi ofisini bila kumwandika kwamba amechelewa.

Shangazi, kwa niaba ya watu wa tanuri, mhunzi, seremala, msimamizi na jirani yako mwenye tupa, tunakushukuru kwa kila chuma ulichotuwekea mikononi, kwa subira yako, na kwa kutufundisha kunyamaza mtu anapofikiri. Maringo na wenzake wangekushukuru kama wangeweza. Tunakutakia asubuhi nyingi za kuchelewa kuamka, na Mzee Barafu arudipo na gari lake, akukute bado umejifunika.